Jina Langu Juu ya Mwongozo

Jumatatu, 3 Machi

Bosi anataka mwongozo wa programu yetu ya kuendeshea pampu uwe tayari Ijumaa. Siku hizi hauandikwi tu. Kompyuta inaujenga kutoka mafaili ya chanzo, yaani maandishi ya awali. Atakayeujenga, mimi au Bi Taratibu wa meza ya pili, ndiye mkuu wa kitengo. Mwingine atashushwa ghorofa ya chini kupokea simu. Nikadakia kwamba nitamaliza mapema. Bi Taratibu akaomba kwanza asome maelekezo. Ha! Maelekezo ni mkongojo wa waoga.

Jumanne, 4 Machi

Kuweka kwenye kompyuta zana za kujengea mwongozo ni kualika mgeni anayekuja na ukoo mzima. Moja yataka nyingine, hiyo yamtaka shangazi yake, na shangazi hakai na toleo la zamani. Kompyuta imeganda. Mke wangu kauliza kama nimesoma maelekezo. Hata nyumbani nina wapinzani!

Jumatano, 5 Machi

Zimekubali! Mwongozo umejengeka. Ila chanzo kina makosa: "washa" mahali pa "zima". Kukichambua ni kazi ya punda. Narekebisha kurasa zilizokwisha kujengwa, naandika na jina langu juu kabisa. Bi Taratibu akapita, akasema kaka, rekebisha chanzo, kurasa hizo huzaliwa upya kutoka humo kila ukijenga. Nikamwambia sikuita mkunga.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Wateja wamejaa ukumbini. Mmoja akauliza mwongozo unajengwaje. Nikabonyeza kitufe cha kujenga mbele yao, kwa madaha. Marekebisho yangu, kwisha. Jina langu, kwisha. Mteja akasoma kwa sauti: pampu ikichemka, iwashe. Kicheko! Bosi hakucheka. Bi Taratibu akasema pole kaka, wala hakutabasamu. Heri angenizomea.

Jumatatu, 10 Machi

Huku chini hakuna dirisha. Taa inapepesa kama jicho bovu. Simu ya kwanza ilikuwa ya mkuu mpya wa kitengo, Bi Taratibu. Anahitaji msaidizi, nipande, anifundishe chanzo polepole. Nikakata. Mimi nifundishwe!

Nimeshagundua kosa lilikuwa wapi. Jina nililiandika kwa herufi ndogo mno, mashine haikuliona. Leo nimezifungua tena kurasa zilizojengwa, nikaliandika kubwa, jekundu, limejaa ukurasa mzima.

Kesho asubuhi wanajenga upya. Wathubutu kulifuta hilo!