Malalamiko ya Kipimo Kisichosema

Kwa Mhandisi wa Mitambo Inayojiendesha, ambaye pia ni Mama yangu,
Mezani, kando ya kopo la chumvi.

Mama mpendwa,

KUHUSU: KUONDOLEWA KWA MFUMO WA WAWILI KWA MMOJA HAPA NYUMBANI

Shikamoo. Naandika kwa sababu ukinitazama usoni nasahau hata jina langu, na Jumatatu unaondoka kwenda kuwasha kile kiwanda kipya cha maziwa, wiki tatu nzima. Naomba shauri hili liamuliwe kabla hujafunga begi.

Ulitueleza mwenyewe kwamba kwenye boila, lile tangi la kuchemshia maji kiwandani, mnafunga vipimo vitatu vya maji. Viwili vikisema maji yapo na kimoja kikisema yamekwisha, mtambo unaamini viwili, na kile kimoja kinaitiwa fundi. Kwa boila sina neno. Lakini mfumo huo umeuleta nyumbani, ambako vipimo ni mimi na wadogo zangu mapacha.

1. Maziwa yalipoungua, mapacha walisema zamu ilikuwa yangu. Uliponigeukia nikaangalia vidole vyangu vya miguu, ambavyo havikuwa na ushahidi wowote. Ukasema viwili vimekubaliana, nikakabidhiwa sufuria na waya wa kusugulia.

2. Mapacha si vipimo viwili. Kanuni yako inakataza kufunga vipimo vyote kwenye bomba moja, maana likiziba vitadanganya kwa sauti moja. Hawa wamefungwa bomba moja tangu tumboni mwako. Mmoja akipiga chafya, mwenzake anatafuta leso.

3. Mimi si kibovu, nachelewa tu. Jibu ninalo, tena kwa lugha mbili, ya nyumbani na ya shuleni, ila zikifika mlangoni mwa kinywa zinaanza kupishana: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Zinapotoka mimi niko bafuni, nimejaa sabuni, nashinda kesi mbele ya ndoo. Ndoo haijawahi kunipinga.

4. Mjomba alipouliza niko darasa la ngapi, mapacha ndio waliojibu, nawe ukaongeza kwamba huyu yuko kwenye matengenezo. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ila kesho yake.

Kwa hiyo naomba mapacha watenganishwe, mmoja akahesabiwe kwa bibi. Au unizalie kipimo cha nne, kiwe kipole na kinikubalie. Wazo hili nilimpitishia Baba, akasema yeye katika nyumba hii ni king'ora tu, kikilia mnakizima, akarudi kwenye gazeti lake. Yote yakishindikana, nifungiwe taa kwenye paji la uso: ya kijani iwe ndiyo, nyekundu iwe hapana, na ya njano iwe subirini, jibu linakuja. Ya njano nunua za akiba.

Wasalimie mafundi wako wa zamu, msalimie na Baba, na mapacha pia, ambao najua wataisoma barua hii kabla yako.

Ni mimi,
kipimo chako cha kwanza kufungwa na cha mwisho kusomeka.

Nyongeza: Mfumo usiuondoe kwanza. Leo wakati wa chakula mapacha watakwambia kwamba shule zikiwa zimefungwa hivi nataka kwenda nawe kuwasha kiwanda, na kwamba ukisafiri huwa navaa koti lako kuukuu la kazi ndipo niweze kusoma. Utanigeukia, nami nitaangalia vidole vya miguu. Tafadhali amini viwili. Begi langu liko nyuma ya mlango.