Koti Lisiloingiza Maji

Jumatatu, 4 Novemba. Baraka.

Ujumbe kutoka Lubondja. Matanga ya mama mkwe yanamalizwa Jumamosi ya tarehe 23. Kabla ya hapo, uwindaji. Baba mkwe, Mzee Wilondja, amesema kila mkwe atasimama msituni nyuma ya wavu wake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya nyumba yao, na nyama yake italiwa siku hiyo. Mkwe asiyesimama, mkewe atabaki kwa baba yake. Mzee ametaja jina la mkwe anayemshuku. Langu!

Félicité yuko huko tangu Aprili, tulipomzika mama yake. Walipomzika, yaani. Mimi sikufika. Ilinyesha. Nilijibanza kwenye kibaraza cha kanisa hapa Baraka nikingoja ikatike, ikakatika saa kumi jioni, kaburi limekwisha kufunikwa. Mke wangu hakupiga kelele. Alibaki tu kwao, na binti yetu Fanny akabaki naye.

Miaka kumi na minne ya ndoa imelowa kwa mvua moja. Sitakubali. Nitapanda mlima. Ila safari hii siendi kulowa.

Jumatano, 6 Novemba.

Nauza viatu vya mitumba sokoni, kwa hiyo marobota nayafahamu. Siku mbili nachagua koti. Watu wananicheka: Junior, miaka arobaini na mitatu, mzima, anamwagia makoti maji.

La plastiki, hapana. Mwiba mmoja, limekwisha. Tena linalia ukipumua, na nguruwe pori ana masikio. La mpira la wavuvi, kutoka Kazimia, ni imara lakini linanuka dagaa, mnyama atakujua kabla hujafika. Turubai la misaada ni zito na jeupe. Wanyama watadhani nimekuja kuwagawia unga.

Halafu, chini kabisa ya robota, nikalipata. Kitambaa laini nje, nailoni ndani, mishono imezibwa kwa utepe. Nilifunga mikono yake kwa kamba, nikaijaza maji, nikaitundika tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hata tone! Nikalikokota kwenye michongoma. Hata mkwaruzo! Nikalivaa nikapita nyuma ya kuku wa jirani. Hakuna kuku aliyeinua kichwa.

Kasoro moja tu. Lina mabaka. Kijani, kahawia, nyeusi. Mabaka ya kijeshi.

Alhamisi, 7 Novemba.

Jirani yangu sokoni, Mama Kulthumu, msuka mikeka, aliliona koti akaacha kusuka. “Junior, we uko na akili? Kule njia ya Lubondja iko bariere ya batu ya bunduki. Batu banakamatwa juu ya kofia tu, na we unapeleka koti muzima!”

Kweli. Kila mtoto wa huku Fizi anajua kwamba raia havai mabaka. Wenye bunduki watakuuliza umemvua nani, na hakuna jibu zuri. Lakini nikamwambia Mama Kulthumu kwamba penye nia pana njia, na njia iko mbele yake ndani ya sufuria: rangi nyeusi ya kutilia ukindu.

Akasema rangi ile ni ya mikeka. Nailoni haiwezi kuinywa. Mvua moja, itatoka yote. Akasema pia hataki jina lake litajwe.

Nikamwambia asiwe na hofu, nitaichemsha mara mbili.

Jumamosi, 9 Novemba.

Nimeichemsha mara mbili. Koti ni jeusi! Jeusi kama sutana ya padri. Mikono yangu pia. Na sufuria, ambayo ni ya Félicité.

Mwanyumba wangu Guy alipita. Huyu ndiye aliyemwoa Clarisse, dada wa mke wangu. Ananunua dhahabu Misisi na ana pikipiki mbili. Aliuliza kama nimefiwa na koti. Yeye ataenda na kipande cha turubai kuukuu chenye tundu la kichwa, eti kinamtosha. Tajiri mzima! Nikamwambia kwa upole kwamba bahili hulowa mara mbili. Si methali, nilikuwa nimeitunga papo hapo, lakini aliwasha pikipiki akaenda zake.

Sikulijaribu kwa maji baada ya kulitia rangi. Maji lilikwisha kuyashinda tarehe sita. Kwa nini nirudie?

Jumanne, 12 Novemba. Lubondja.

Nimefika. Kizuizini walipekua begi, wakalikuta koti jeusi, wakalirudisha. Rangi yangu imefaulu mtihani wa serikali, au wa hao walio badala ya serikali.

Félicité alinipa maji ya kuoga na hakuniuliza lolote. Fanny ameota meno mawili ya mbele na sikuwepo. Wakati wa kula, shemeji yangu Bertin, kaka wa Félicité, alikaa upande wangu. Huyu ndiye mwindaji hasa. Nyavu zote za ukoo amezifuma yeye. Alinifundisha fundo la kufungia wavu kwenye mti, mara tano, bila kunicheka. Yeye huvaa kabuti la sufu la baba yake. Linalowa, linakuwa na uzito wa mbuzi, lakini anasema ukishalowa joto linabaki. Nilimwonea huruma.

Baadaye Félicité alisema neno moja mlangoni. Alisema anataka kurudi nyumbani. Alisema, “Baba Fanny, simama tu. Ata usipopata nyama, simama.”

Moyo wangu ulishtuka kwa furaha. Nitasimama!

Alhamisi, 14 Novemba.

Naandika usiku.

Tulipanda alfajiri, wanaume tisa na mbwa sita, kila mbwa na kengele ya mti shingoni. Nyavu zikafungwa kwa mstari, kila mtu nyuma ya wavu wake, kimya. Ikaanza kunyesha. Mvua ya mlimani haina salamu. Nilisimama saa tatu nzima. Guy ndani ya turubai lake alipiga chafya, Bertin alikohoa, mimi mkavu kama unga. Tena kimya! Sikusikia hata nguo yangu mwenyewe.

Ndiyo maana nguruwe alikuja kwangu. Aliukimbia upande wa Guy uliokuwa unapiga chafya, akaingia wavu wangu mzima mzima. Nilipiga kelele, nikafunga macho, nikachoma mkuki. Watu wanasema nilichoma wavu. Bertin alimmaliza, lakini kwa desturi mnyama ni wa mwenye wavu. Wangu! Mzee Wilondja alinishika bega mbele ya wote akaniita mwanangu.

Nilipotazama bega alilolishika, niliona kijani.

Na kiganja cha mzee kilikuwa cheusi. Rangi ilikuwa inashuka kwenye mikono, inaingia kwenye viatu. Njia ya kurudi ni moja, nayo inaangukia barabarani, kwenye kizuizi kile kile.

Desturi nyingine ya nyumba hii: mnyama wa mkwe hubebwa na shemeji yake. Bertin akainama kumbeba nguruwe. Anakohoa. Nikasema, shemeji, mbebaji wangu hawezi kulowa, vaa koti langu, nipe kabuti. Alikataa mara mbili. Akakubali. Alinishukuru. Mzee akasema hapo sasa anaona mkwe.

Nguruwe alifunika mabega. Nilijiambia pengine atafunika yote.

Tukateremka, Bertin mbele ameinama akitazama utelezi, mimi nyuma yake. Mvua ilizidi. Niliona baka la kwanza likitokea kiunoni. Halafu la pili. Mgongo ule ulikuwa unachipua majani mbele ya macho yangu. Wengine walikuwa nyuma wakikunja nyavu, sisi wawili tu njiani. Neno moja lingetosha. Nilipunguza mwendo.

Ijumaa, 15 Novemba.

Wamemchukua Bertin. Nguruwe pia.

Nilikuwa hatua mia tatu nyuma, ndani ya kabuti. Kizuizini waliniuliza kama ninamjua yule. Nikasema hapana, mimi ni muuza viatu. Ni kweli, mimi ni muuza viatu.

Wanasema amemuua mtu wao mmoja akachukua sare yake. Wamemtia katika shimo lao, nyuma ya kizuizi.

Nyumbani niliwaeleza kila kitu isipokuwa rangi. Félicité alitazama mikono yangu. Kucha bado nyeusi. Amelalia mikeka ya Mama Kulthumu, rangi hiyo anaijua.

Hakupiga kelele. Alisema, “Enda useme koti ni yako. Tu ile. Useme ulinunua ku soko, Bertin aache kulala mu maji.”

Nikamwambia nitatafakari.

Jumapili, 17 Novemba.

Nimetafakari. Nikisema koti ni langu, watakuwa watu wawili ndani ya shimo badala ya mmoja. Hiyo si hekima, ni hesabu mbovu. Pili, mimi nina mtoto. (Bertin ana wanne, lakini wamezoea mlima.) Tatu, ukweli ni kama mboga, kuna msimu wake.

Guy ameenda mara mbili kwa pikipiki. Wamemfukuza mara mbili. Anataka kujifanya shujaa mbele ya mzee.

Mchana Félicité alinipa kuku na mkungu wa ndizi niwapelekee wale wa kizuizi, niseme neno langu. Nilitoka. Wallahi nilitoka, Mungu wa Wakristo na Waislamu ananiona! Nilifika mtoni. Ikaanza kunyesha, na sikuwa na koti.

Nimerudi. Kuku alikuwa bado mzima, tumemfungulia.

Jumatano, 20 Novemba.

Bertin amerudi. Safari ya tatu ya Guy, na mbuzi sita wa Mzee Wilondja, wale waliotengwa kwa ajili ya matanga.

Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza kwa sababu ni la kwanza. Anakohoa vibaya. Mkono wa kulia wameuvunja kwa kitako cha bunduki, vidole vinne. Mganga wa kituo cha afya amevifunga na vijiti akasema huenda viwili vitakunja tena. Bertin aliuliza kama ni viwili vya kufumia. Mganga hakujua vidole vipi ni vya kufumia.

Walitaka jina la mwenye koti. Guy ameniambia kando, bila kunitazama. Siku sita waliuliza jina. Bertin alisema amelikuta njiani.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Naandika ili ijulikane kwamba nililia. Sikula mpaka jioni. Niliingia kwake nikakaa kwenye kirago. Nilitaka kusema. Akaniwahi, akaniuliza, “Shemeji, kabuti ya baba ilikauka?”

Nikasema imekauka. Akasema asante.

Jumamosi, 23 Novemba.

Matanga yamemalizwa. Kwa maharagwe na sombe, majani ya muhogo, bila nyama. Wazee wa kutoka vijiji vingine walikula wakiangaliana.

Mzee Wilondja alisimama akasema maneno machache. Alisema mkwe wake Junior alisimama msituni, hawezi kumdai hilo, nyama ilipatikana. Nikainua kichwa. Akasema kuna mahali pengine pa kusimama, na huko hakumwona. Félicité anabaki.

Nilimgeukia mke wangu. Nilitegemea kidogo. Alikuwa ameshika begi langu, amelifunga tayari, na nguo zangu ndani amezikunja vizuri. Hilo la kukunja ndilo liliniumiza. Alisema Fanny atakuja Baraka kunisalimu wakati wa likizo, njia ikiwa salama. Alisema hakuhitaji mwanaume asiyeogopa. Alihitaji anayeogopa huku anatembea.

Nilichukua begi. Nimepanda pikipiki ya kukodi. Imeninyeshea njia nzima, mpaka Baraka, na nimelowa mpaka kwenye mfupa.

Jumapili, 24 Novemba. Baraka.

Siku nyeusi. Sikwenda kanisani. Nimelala nikitazama dari, nimejiita majina yote ninayostahili. Mama Kulthumu alileta uji. Hakusema “nilikuambia.” Alikaa akasuka mkeka wake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Saa tisa Guy alipita kwenda Misisi. Alikuja kuniambia maneno makali, na aliyasema yote, mlangoni, majirani wakisikia. Sikubisha. Mwishoni, kwa uchungu tu, akasema jambo ambalo hata yeye hakujua ni kubwa. Akasema na lile koti lako sasa analivaa kamanda wao. Halivui. Amekesha nalo kwenye mvua siku nne, na anamwambia kila mpita njia kwamba hajawahi kuona koti kama hili, haliingizi hata tone, halilii, miba haiwezi kitu. Anatafuta mahali yanapotoka. Anataka ya watu wake wote.

Guy aliondoka akitema mate.

Nilikaa kitandani. Watu wake wote! Kizuri chajiuza, wahenga hawakukosea. Siku zote hizi kila mtu alinisema juu ya koti lile, na hakuna aliyekubali jambo moja la wazi, kwamba nilichagua vizuri.

Robota la chini kabisa sijalifungua bado, huenda yamo mengine kama lile. Nimekwisha kumwomba Mama Kulthumu anitunzie meza ya viatu, na sikumweleza kwa nini, wanawake huchelewa kuelewa biashara. Félicité mwenyewe atafurahi akisikia. Si ndicho alichokiomba? Kesho alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, napanda mpaka kizuizini, nitasimama mbele yao wote na bunduki zao, na nitasema kwa sauti kubwa kwamba koti lile ni langu.