Uzi wa Cherehani

Jumatatu, 6 Januari
Nimepata dawa! Tangu tuanze kufanyia kazi nyumbani, kampuni inatuchunga kama mbuzi. Kipanya cha kompyuta kikitulia dakika tano, taa ya kijani kwenye skrini inazima, bosi anauliza niko wapi. Na sasa masomo kumi na manne ya lazima ya mtandaoni, eti “Ujuzi wa Kesho”, yanayosonga yenyewe mradi kipanya kinacheza. Mimi, niliyesoma kuliko wao wote! Jumamosi saa tatu asubuhi binti yangu anaondoka kwenda shule ya bweni, mbali. Nimemwahidi kumsindikiza kituoni. Wiki hii ni yake. Basi: mama mkwe anamshonea sare chumba hikihiki. Nimefunga uzi toka kikanyagio cha cherehani hadi kwenye kipanya. Akikanyaga, kipanya kinacheza. Mimi niko kazini!

Jumanne, 7 Januari
Drafti na binti hadi mchana. Kanifunga mara sita, kanicheka mara saba. Mama mkwe kauliza uzi wa nini. Nikasema wa intaneti. Akasema intaneti ya siku hizi imekonda.

Jumatano, 8 Januari
Balaa! Mama mkwe huanza kushona alfajiri. Ripoti ya kampuni: nimefanya kazi saa kumi na tano kwa siku, na masomo yote nimeyamaliza. Bosi kapiga simu, kaniita jembe. Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli. Nikasema asante. Bwana Rafu, mwenzangu anayekaa mbele ya rafu ya vitabu asivyovifungua, kanipongeza huku roho inamuuma. Raha iliyoje!

Alhamisi, 9 Januari
Bosi anataka niifundishe kampuni nzima, mtandaoni, namna ya kugawa muda kati ya kazi na familia. Jumamosi, saa mbili na nusu. Nikataka kukataa. Akasema hakuna neno, atampa Bwana Rafu. Nikakubali palepale. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia dakika ishirini tu.

Jumamosi, 11 Januari
Nilikuwa nafundisha sehemu ya “familia kwanza” binti aliposimama nyuma ya kamera. Sare imemkaa. Begi mkononi. Nikamwinulia kidole: subiri kidogo. Hapo Bwana Rafu akauliza swali. Akaongeza la pili. La tatu, kusudi! Ningemwachaje? Nilimjibu dakika arobaini, nikamsaga kama unga. Watu mia tatu wakapiga makofi. Kuinua macho, mlangoni hakuna mtu.

Nilikimbia na ndara hadi kituoni. Basi lilishaondoka. Mke wangu alikuwa anarudi peke yake. Akasema mtoto hakulia. Alisema tu nisihangaike, kile kidole alikielewa.

Mama mkwe kafunika cherehani. Taa imezima. Nimepanga kete za drafti, zake na zangu. Sikupata wa kunifunga.

Jumatatu, 13 Januari
Basi, nimejifunza! Kosa lilikuwa cherehani. Safari hii ni feni: haiamki alfajiri. Wazazi wanaruhusiwa kutembelea bweni mara moja tu muhula huu, Jumamosi ya kwanza ya Februari. Siikosi, hata iweje.

Bosi kauliza nani atafundisha sehemu ya pili. Ni Jumamosi hiyohiyo ya bweni, asubuhi. Bwana Rafu akaanza kuinua mkono.

Wangu ukatangulia. Dakika ishirini tu.