Phefo Hapiti Bendera Nyeupe

Jumatatu, 4 Julai

Theluji tangu alfajiri. Mke wangu 'Malineo bado yuko kwao, Ha Letuka, ng'ambo ya mlima. Aliondoka kwa hasira kwa sababu sikwenda kumzika shangazi yake. Nilisema goti linaniuma. Goti halikuwa na lolote! Ukweli nauandika hapa tu: namwogopa farasi.

Farasi mwenyewe ni Phefo, urithi wa marehemu mjomba Potso. Siku nyingine mpole kabisa. Siku nyingine kisirani kitupu. Mwezi wa Mei alinibwaga matopeni karibu na kisima, kina mama wote wakitazama.

Kwetu mke akinuna akarudi kwao, mume humfuata mwenyewe. Baba mkwe ametuma neno: Jumapili ikipita sijafika, atajua simtaki binti yake. Mzee huyo ni kama amezaliwa juu ya tandiko. Nitamfikiaje kwa miguu, blanketi langu la kujitanda limelowa?

Molupe, jirani yangu asiye na mke, amejitolea kwenda kumchukua 'Malineo kwa niaba yangu. Eti ananionea huruma. Huruma gani ya kunyoa ndevu na kujipaka mafuta!

Ugali bila mboga. Nyumba baridi. Nimelia kidogo.

Jumatano, 6 Julai

Nimepiga moyo konde, nimempanda Phefo. Tumezunguka zizi polepole. Sikuanguka! Hata nikampungia Molupe mkono. Akaingia ndani. Wivu.

Kiherehere kikanishika, nikateremka kijijini. Bibi 'Mamotena alikuwa ametundika bendera nyeupe, maana yake pombe ya mtama imeiva. Phefo akasimama palepale. Nikampiga visigino. Nikambembeleza. Nikamwimbia wimbo wa kanisani. Wapi! Bibi akatoka akicheka mpaka akashika ukuta.

"Potso hakupita bendera hata moja, mjukuu wangu," akasema. "Huyo haondoki mpaka aliyempanda anywe."

Nikanywa kopo moja. Phefo akaondoka mwenyewe, tena kwa furaha.

Sasa nimekwisha. Nilimwapia 'Malineo kwamba pombe nimeacha, na njia ya Ha Letuka ina bendera nyeupe kila kona. Nitafika nimelala shingoni mwa farasi.

Ijumaa, 8 Julai

Jana nilimfunga Phefo macho kwa soksi, asione bendera. Akatembea hadi kwenye ukuta wa Molupe, akauegemea. Molupe akachungulia dirishani, akauliza kama tumekuja kuposa.

Leo nimepata akili! Kama Phefo anapenda bendera nyeupe, apewe ya kwake, asiyoweza kuifikia. Fimbo ndefu, kitambaa mbele ya pua. Kitambaa cheupe nyumbani kilikuwa kimoja tu, kilemba cha kanisani cha 'Malineo. Nimejaribu nyuma ya nyumba. Phefo alikimbia! Nami nilikaa imara. Woga umenitoka kabisa. Molupe ananyoa tena, masikini.

Jumamosi, 9 Julai

Niandike upesi kabla mkono haujakataa.

Tulikwenda vizuri ajabu. Tulipita bendera zote, Phefo hakugeuza hata shingo. Blanketi langu lilipepea. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mwanamume juu ya farasi.

Halafu nikasikia kelele nyuma. Watu! Wanaume na makopo yao, wazee na bakora zao, mmoja juu ya punda. Wameona bendera nyeupe inatembea, wakadhani nauza. Mmoja akapaza sauti akiniita bwana kwa heshima, "Ntate, simama basi, mbona pombe yako ina mbio hivyo?" Nikapiga kelele kwamba sina pombe. Wakasema hizo ndizo lugha za wachoyo. Kusimama sikuweza, bendera ilikuwa mbele na Phefo anaifuata.

Nikaingia uani kwa baba mkwe na walevi wa njia nzima. Mzee hakunitazama mimi, alitazama makopo. Akaniuliza kwa upole kama nimekuja kumchukua mke au kufungua kilabu.

'Malineo akatoka. Nikamwambia farasi sasa namweza. Akasema hakuhitaji mpanda farasi, alihitaji mtu wa kusimama naye kaburini kwa shangazi yake. Ningekuja kwa miguu, peke yangu, angefunga mzigo wake saa ileile. Akafungua kilemba chake kwenye fimbo, akakikung'uta vumbi, akakikunja, akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Kurudi hakukuwa na kilemba. Phefo alisimama kwenye kila bendera. Nilitii.

Jumapili, 10 Julai

Kichwa kinagonga. Siku aliyonipa baba mkwe ndiyo leo, lakini kwa hali hii nitakwenda kesho. Molupe ametandika farasi wake asubuhi na kuelekea mlimani, blanketi jipya mabegani. Sitaki kujua anakwenda wapi.

Maneno ya 'Malineo nimeyafikiria sana. Yana uzito. Nimelia tena. Mwishowe nimelielewa kosa langu: rangi! Nyeupe ni pombe, lazima watu wafuate. Nyekundu ni bendera ya wauza nyama, balaa zaidi. Lakini kijani ni ya wauza mboga! Nimekata pazia la jikoni, nimelifunga kwenye fimbo. Hakuna mwanamume wa milima hii aliyewahi kukimbilia kabichi.