Kaleli wa Bucha na Kiziwi wa Sinema

Jumamosi, 1 Machi 1958. Makongeni, Thika.

Leo nimeaibika mbele ya Makongeni yote. Kosa ni langu, karibu lote. Muasya, mwenye sinema, alileta picha mpya. Iko na kiziwi analinda garimoshi lililobeba baruti. Kazi yangu mimi, Makau, ni ile ile: kusimama kando ya kitambaa cha picha na kuelezea watu kwa Kiswahili vile Wazungu wanasema. Kizungu chenyewe najua kidogo. Kile sijui najaza.

Kiziwi akaweka kiganja kwa reli, mara moja akajua majambazi wako mlima wa tatu. Nikasema viziwi wote wako hivyo, wanasikia na ngozi. Hapo Kaleli akaanza kucheka. Kaleli ni kiziwi wa kweli. Ana bucha karibu na soko, na anapenda kutazamwa kushinda bibi harusi. Akasimama, akasema kwa mikono: huyu si kiziwi, chupa imevunjika nyuma yake na shingo imegeuka.

Shida ni kwamba Makongeni wote wanajua mikono ya Kaleli. Ukitaka nyama lazima ujifunze: mbavu, maini, toa huo mfupa, wacha wizi. Kwa hivyo kutoka hapo hakuna mtu alinisikiza tena. Walikuwa wanatazama yeye.

Muasya akaniambia bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya. Jumamosi ijayo watu wakitazama mikono badala ya kunisikiza, nitafute jembe.

Jumapili, 2 Machi.

Kanisani nimetubu wivu. Nililia kidogo, bibi yangu Ndila akanipa leso. Mpaka hapo toba ilikuwa ya kweli.

Baada ya chakula nikafikiria: na kama Kaleli anasikia? Nikachukua debe na rungu. Nikanyemelea nyuma yake akikata nyama. Nikapiga. Akageuka! Nikauliza wateja, mmeona? Kaleli akanyoosha kisu, akaonyesha paka wake. Paka alikuwa ameruka kutoka sakafuni mpaka juu ya mizani. Mtu akiona paka ameruka hivyo, atageuka.

Wamboi, yule anauza njugu mlangoni pa sinema, akasema amesikia madebe mawili yakilia, sasa hajui gani ndiyo tupu. Ndila naye anasema nikirudia nitalala na kuku.

Jumanne, 4 Machi. Ruiru.

Picha ile ile, kwa vibarua wa shamba la kahawa. Kaleli hayuko. Nimehubiri, sio kutafsiri. Kisha mama mmoja akauliza: bwana mkubwa kwa picha amempa kiziwi mgongo, na bado kiziwi ameshika maneno yote. Ameshika aje? Nikajibu, kwa harufu. Nilijibu haraka sana. Mama akauliza kama maneno yananuka. Jirani yake akamwambia, "Kwani haya ya leo hayajakufikia?"

Nimetubu nikirudi Thika kwa lori ya Muasya, kati ya injini ya stima ya mashine ya picha na mitungi ya mafuta.

Ijumaa, 7 Machi.

Nimeenda kwa Kaleli na unyenyekevu. Nilitaka kumwomba kesho aweke mikono mfukoni, kwa sababu sina kazi nyingine, na shamba sijui. Lakini mimi najua mikono ya nyama tu. Kwa hivyo nafikiri nilimwambia maini yangu yanataka kukatwa. Alicheka, akanipimia matumbo.

Halafu akawa mtu wa maana. Akanionyesha kinachomchoma kwa ile picha. Yule mtu anaketi ameupa mlango mgongo. Kaleli akiingia mahali popote anatafuta ukuta kwanza. Anatazama nyuso. Watu wakicheka anauliza wanacheka nini. Kazi ya hatari kama ile, na mtu hatazami nyuma? Huyo ni mtu anategemea masikio.

Nilimheshimu sana. Heshima ilinifikisha nyumbani, kisha nikakumbuka kwamba gizani mikono haionekani.

Jumamosi, 8 Machi.

Nimezima taa zote mbili za karabai mimi mwenyewe. Nikamwambia Muasya picha itatoka vizuri zaidi. Giza safi. Watu wakarudi kwangu, sauti yangu ikajaa nyumba yote. Nilikuwa mfalme.

Kisha majambazi wakafika mlangoni, kiziwi ameketi amewapa mgongo. Kaleli hakuvumilia. Akakimbia mbele, akainua mikono katikati ya mwangaza wa mashine. Mikono ikatokea kwa kitambaa, kubwa kama milango. Ikampigapiga kiziwi begani. Ikamwonyesha majambazi. Hakugeuka. Ikamwambia ahamie ukutani. Watu wote wakasimama wakipiga kelele, hama, wewe, hama! Bunduki ikalia nje na kiziwi akageuka mara moja, kama mimi nikiitwa chakula. Mikono ikaanguka, imemkatia tamaa. Wamboi alimwaga njugu yote. Mimi pia nilicheka, nikasahau kutafsiri.

Muasya amempa Kaleli kiti mbele ya kitambaa. Nikajua ni jembe. Nikamwambia, lakini Ruiru hawanunui nyama kwa Kaleli, hawajui mikono yake. Lazima mtu awasomee. Muasya amenitazama sana, akasema haya, nitakuwa mdomo wa Kaleli, na nisiongeze kitu. Nimelia, na mara hii sio kidogo. Nimemwomba Kaleli msamaha watu wakiona. Amenishika mkono kwa nguvu.

Jumatatu, 10 Machi. Ruiru.

Kaleli kwa kiti. Mimi nimesimama kando.

Mikono yake ikasema: huyu kiziwi ni mwongo, apelekwe kwao. Nikawaambia Ruiru: Kaleli anasema Thika yote hakuna mtu anajua viziwi kama Bwana Makau.

Wakapiga makofi. Kaleli akaona makofi, akainuka, akainama kushukuru. Nikainama pia.

Hiyo nimeshatubu, njiani, kabla ya kufika daraja. Alhamisi tunarudi Ruiru. Kaleli, kwa mdomo wangu, atawaambia miguu yangu ni mibaya, nami niletewe kiti.