Beringi Inayolia Mbele ya Kundi

Jumatatu, 17 Aprili

Pikipiki ya theluji inalia. Si injini, injini ni nzima. Ni beringi ya kushoto, ile inayoshika shafti ya kuzungusha mkanda. Nimevaa kofia yenye masikio mazito, mlio ukapungua sana. Tatizo limekwisha nusu.

Nusu ya pili ni mama mkwe. Mama Risten ndiye mkubwa wa kundi letu la kulungu wa theluji, hawa wa kufugwa. Miaka kumi na moja nimefuata nyuma nikiokota waliochoka. Sasa ameniteua kuongoza Ijumaa. Mimi, Issát! Niende mbele polepole, dume mpole nimemfunga kamba nyuma yangu, majike wenye mimba wafuate hadi nyanda za kuzalia kabla theluji haijalainika. Ametoa sharti moja tu: majike wanataka utulivu. Pikipiki ikipiga kelele, ataongoza Niillas.

Niillas ni shemeji yangu. Ana karakana, ana meno yote, na ana beringi za akiba.

Jumanne, 18 Aprili

Niillas kaja kunywa kahawa. Katia jibini kikombeni, kama desturi yetu, katafuna taratibu, kisha kasema amesikia kitu kikilia upande wa kwangu. Nikasema ni mlango wa choo. Akasema choo changu siku hizi kina mbio sana.

Akataka kunipa beringi mpya, bure, na kuifunga mwenyewe. Bure! Ukipokea cha bure kwa shemeji, kesho mama yake anajua. Nikakataa. Akazidi kuuliza. Ikabidi nimuulize ana kulungu wangapi.

Swali hilo kwetu humuulizi hata ndugu wa tumbo moja. Ni kama kutia mkono mfukoni mwake. Akaweka kikombe chini, akaaga. Elle, mke wangu, hajanisemesha tangu hapo. Lakini nafasi yangu ipo.

Jumatano, 19 Aprili

Nimepata dawa! Marehemu babu alikuwa akisema mafuta ya mfupa wa mguu wa kulungu hayagandi hata baridi ipasue mawe. Yeye alipaka buti. Lakini beringi ni nini kama si kiungo cha mguu? Nimechemsha miguu minne ya nyuma. Nimebandua kizibo cha mpira kwa kisu cha kukatia alama masikioni mwa ndama. Nimejaza hadi yakafurika.

Kimya! Nimepita mara tatu mbele ya dirisha la mama mkwe. Mara ya tatu alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Mbwa wanne wamenifuata hadi nyumbani. Mmoja si wetu.

Ijumaa, 21 Aprili

Aibu, kisha nafuu. Niandike kwa mpangilio.

Tumeondoka alfajiri, theluji ngumu. Nyuma yangu majike wote. Idadi siandiki, hata humu. Saa nzima ya raha. Kisha harufu ya nyama ya kukaanga. Mbwa wakaacha kazi ya kuswaga, wakaikimbilia pikipiki. Katikati ya ziwa beringi ikasagika, shafti ikalegea, mkanda ukakwama. Nikasimama.

Majike wakitawanyika hapa watarudi malisho ya baridi. Ndama watazaliwa njiani, na barafu ya mito itakuwa imeyeyuka. Nasema kweli, cheo nilikisahau. Niliwaogopea majike.

Dume mpole akanitazama, akalala chini. Jike mmoja akalala. Kisha mwingine. Kisha wote, wanacheua. Nikakaa juu ya theluji kwa furaha.

Niillas, aliyekuwa nyuma ya kundi, akaja kwa kuzunguka mbali, asiwashtue. Akafungua bolti, akatoa vipande, akanusa.

"Shemeji, hii umeipika?"

Nikamwomba radhi kwa lile swali la Jumanne. Akasema radhi baadaye, nishike spana kwanza. Beringi mpya alikuwa nayo mfukoni. Alijua! Dakika arobaini, kazi imekwisha. Nikampa kamba ya dume, nikamwambia aongoze yeye. Mama Risten akafika, akawatazama majike waliolala.

"Walitaka kupumzika hawa," alisema. "Aliyeanza mbele amalize mbele. Na hao mbwa wafungwe."

Niillas akanirudishia kamba. Nililia kidogo, ndani ya kofia.

Jumapili, 23 Aprili

Tumefika. Hakupotea hata mmoja. Ndama wa kwanza kazaliwa asubuhi, mweusi, anasimama na kuanguka na kusimama tena. Elle ananisemesha. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Niillas kaniachia beringi nyingine mpya, ya shafti ya juu, maana ile ya zamani nayo imeanza kulia. Kaniapisha niifunge leo hii. Nimeapa. Nimeitazama sana. Inang'aa, bado imo katika karatasi yake. Kuichafua ni dhambi. Nimeiweka sandukuni.

Nimekaa nikajiuliza kosa lilikuwa wapi. Si mtu wa kurudia kosa mimi. Na nimeliona, liko wazi kabisa. Shafti zote mbili ziko upande wa mbele wa pikipiki, nami nilitumia miguu ya nyuma.

Sufuria iko motoni. Miguu ya mbele, minne.