Rangi ya Chini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeonewa! Bi Sheikha, mwenye duka la mapambo Ndia Kuu, ameletewa mbao kumi na mbili za kuteleza mawimbini. Zitatundikwa katika hoteli moja ng'ambo ya Feri. Nyeupe, ndefu kuliko mimi. Kila ubao utiwe mistari mitatu ya buluu. Nikanyoosha mkono nizipokee zote. Akasema, polepole Mung'aro mwanangu, Mzamil naye nimemwita. Kila mtu apake ubao mmoja, aulete Ijumaa. Mwenye mistari safi atapata kumi zilizobaki.

Mzamil! Wa Bondeni! Tulifunzwa na fundi mmoja kuandika mabango ya maduka. Kwa herufi nilimshinda. Sasa herufi zinachapwa kwa mashine, na yeye na mistari yake ana kazi mpaka anazikataa nyingine.

Nikamweleza mke wangu, Mbodze. Akasema mistari ya Mzamil ukiitazama moyo unatulia. Moyo wa nani? Nikasusia chakula. Baadaye nikala, maana alikuwa samaki wa kupaka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimebandika tepu ya karatasi. Nimepaka buluu. Nimengoja ikauke kabisa, mtu wa subira. Nimebandua. Balaa! Rangi imepenya chini ya tepu, ukingo wote una meno kama msumeno. Nimelaumu tepu. Nimelaumu unyevu wa bahari. Kisha nimepiga msasa na kurudisha weupe, nikimfikiria Mzamil anavyotabasamu huko kwake.

Jumatano, 6 Agosti

Nilipita Bondeni. Kwa bahati tu. Kwa bahati nikasimama kando ya dirisha la karakana ya Mzamil saa nzima, simu sikioni, sizungumzi na mtu. Alikuwa akimweleza mteja. Nimemsikia kwa masikio yangu: siri ni kuziba ukingo wa tepu kwa rangi ya chini, ndipo utie buluu, kisha tepu uibandue ikiwa bado mbichi.

Rangi ya chini! Kumbe! Mbio hadi dukani, nikanunua mkebe mzima, ile nyekundu ya sakafu. Muuzaji akauliza nyumba yangu ina vyumba vingapi. Nikamwambia ashughulike na yake.

Tepu nimeitia ndooni. Kesho itakuwa mbichi barabara.

Ijumaa, 8 Agosti

Tepu mbichi haishiki. Jana kutwa niliikandamiza kwa pasi, kwa sufuria, kwa magoti. Nikaziba ukingo kwa rangi ya sakafu. Nikatia buluu. Nikabandua. Kila mstari umechuruzika wekundu pande zote mbili. Muda ulikuwa umekwisha, nikaamua kuuita ubunifu.

Tulisukuma mkokoteni, mimi na Mbodze, hadi Ndia Kuu. Bi Sheikha aliutazama ubao wangu. Akaniuliza nimeumia wapi.

Ubao wa Mzamil ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Nikapitisha ukucha kwenye mistari, nikitafuta kosa. Nikarudia. Hakuna. Nilimwonea kijicho. Kumi zote kapewa yeye. Na Mbodze, mke wangu wa ndoa, aliugusa ubao ule taratibu kwa kiganja. Wangu hakuugusa.

Jumapili, 10 Agosti

Mzamil alipiga hodi, na halua mkononi. Akasema, ndugu yangu, sisi ni wa fundi mmoja, tugawane: tano zako, tano zangu. Akaniambia Bi Sheikha karidhia, ila mimi nikiziharibu hataniita tena.

Kisha akaeleza, bila kuulizwa. Rangi ya chini ni ile ile iliyo kwenye ubao, yaani nyeupe. Ikipenya chini ya tepu haionekani, na buluu haina tena pa kupita. Na kinachotakiwa kuwa kibichi ni hiyo buluu, si tepu. Nikaitikia kwa kichwa. Mbodze akammiminia chai mara mbili. Mara mbili! Mimi mara moja.

Alipoondoka nikafikiri. Nyeupe juu ya nyeupe? Nani anapaka kitu kisichoonekana? Na nani anatoa siri yake bure, na halua juu yake? Anataka niharibu.

Mimi si mjinga. Kosa langu nimeshalijua: ni ule wekundu. Duka lile lina rangi ya sakafu ya kijani pia, nimenunua mikebe miwili. Mbao tano ziko ukumbini. Tepu iko ndooni.